Saa Sabini na Tano: Jinsi Wauguzi wa Marekani Wanavyowafunza Wasaidizi Wao

Msaidizi wa muuguzi nchini Marekani, anayejulikana zaidi kwa herufi tatu za CNA, ndiye anayemwamsha mzee asubuhi katika makao ya wazee, akamwosha, akamvisha, akampeleka mezani, akamlisha ikiwa mikono imegoma, kisha usiku akamgeuza kitandani ili ngozi isife. Hadungi sindano, na katika majimbo mengi hatoi dawa mpaka asomee kozi nyingine juu ya hii. Kumwambia mgonjwa anaumwa nini si kazi yake kabisa. Hata hivyo, katika zamu ya saa 8 hakuna mwenye sare anayekaa karibu na mzee kuliko yeye. Waafrika Mashariki wengi walioko Minnesota, Massachusetts na Texas wameanzia maisha ya ugenini katika kazi hii, na huku nyumbani hutajwa kwa dhihaka iliyochanganyika na wivu: dhihaka kwa kuwa ni “kuosha wazee”, wivu kwa kuwa ndiyo inayolipa karo za wadogo zao. Kisichosemwa sana ni kwamba kazi hii ina shule yake na mtihani wake, na kwamba ipo sheria inayotaja kwa hesabu mtu afundishwe saa ngapi, na nani, na asiguse nini kabla hajafundishwa.

Kazi yenyewe ni kongwe kuliko sheria. Wakati wa Vita Kuu ya Pili wauguzi wengi wa Marekani walikwenda na majeshi, na Msalaba Mwekundu wa nchi hiyo ukawafunza wanawake wa kujitolea washike nafasi za chini hospitalini, kwa kozi ya saa 80. Vita ilipokwisha, mahitaji hayakwisha. Mwaka 1965 serikali ilianzisha Medicare, bima ya afya ya wazee, na Medicaid, msaada wa matibabu kwa wenye kipato kidogo. Fedha za umma zikaanza kuingia katika makao ya wazee, na makao yakaongezeka. Wafanyakazi wake wengi waliingia bila mafunzo yoyote: mtu aliajiriwa, akaonyeshwa stoo ya mashuka na orodha ya vyumba, akaanza kazi. Wazee wasumbufu walifungwa kwenye viti kwa mikanda au kutulizwa kwa dawa za usingizi. Vidonda vya mgongoni na visiginoni vilichukuliwa kuwa sehemu ya uzee.

Mwaka 1986 Taasisi ya Tiba ya Marekani ilitoa ripoti ndefu kuhusu hali ya makao hayo, na Desemba 1987 Rais Ronald Reagan alitia saini sheria iliyobeba mageuzi yaliyopendekezwa. Makao yoyote yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid, yaani karibu yote, yalitakiwa kuheshimu haki za mkazi, pamoja na haki ya kutofungwa kamba kwa ajili ya kumrahisishia mfanyakazi kazi. Sheria hiyohiyo ilisema kwamba mtu asiye na mafunzo hatafanywa msaidizi wa muuguzi. Kiwango cha chini kiliwekwa saa 75. Majimbo yaliruhusiwa kuongeza, si kupunguza, na yapo yaliyoongeza: Texas inataka saa 100, California 160, Maine 180. Minnesota ilibaki na 75 zilezile.

Saa 75 hazifiki wiki mbili kamili za kazi. Ndiyo maana sheria haikuishia kwenye hesabu ya saa. Ilimtaja na mwalimu. Mafunzo lazima yaendeshwe au kusimamiwa na muuguzi aliyesajiliwa, mwenye uzoefu wa miaka miwili au zaidi katika uuguzi, na angalau mmoja kati ya hiyo awe ameutumia katika makao ya watu wa kutunzwa muda mrefu. Sharti hili la pili ndilo lenye akili. Muuguzi wa chumba cha upasuaji anaweza kuwa hodari kupindukia, lakini hajui namna mzee mwenye ugonjwa wa kusahau anavyoweza kukunja ngumi kila anapoona beseni la maji, wala hajui kwamba mzee huyohuyo hutulia akioshwa uso kwanza kwa kitambaa cha vuguvugu huku akiimbiwa. Mambo hayo hujulikana kwa kukaa. Kama kozi inaendeshwa ndani ya makao yenyewe, mkuu wa wauguzi wa hapo anaweza kuisimamia kwa jumla, lakini haruhusiwi kufundisha yeye binafsi. Mkuu aliyesimama darasani hayupo wodini, na wazee hawana likizo.

Mwanafunzi haendi kwa mgonjwa siku ya kwanza. Kabla hajamgusa mkazi hata mmoja lazima amalize saa 16 za mambo matano: kuzungumza na kuhusiana na watu, kuzuia maambukizi, usalama na dharura pamoja na namna ya kumwokoa aliyekwama chakula kooni, kumwacha mkazi ajitegemee, na kuheshimu haki zake. Saa nyingine 16, kwa uchache, ni za vitendo chini ya jicho la muuguzi. Kinachobaki kinagawanywa kati ya darasa, chumba cha mazoezi na wodi kwa namna jimbo linavyotaka. California, kwa mfano, imetenga saa 60 za darasani na 100 za kwa mgonjwa, na huko mwalimu mmoja hawezi kupeleka wodini wanafunzi zaidi ya 15 kwa wakati mmoja.

Chumba cha mazoezi kina vitanda vya hospitali, kiti cha magurudumu, sinki na mwanasesere wa plastiki mwenye ukubwa wa mtu mzima. Mwanasesere huvumilia kila kosa, na hilo ndilo tatizo lake. Kwa sababu hiyo walimu wengi huwataka wanafunzi wafanyiane: huyu alale, yule amgeuze; huyu afumbe macho, yule amlishe uji kwa kijiko. Mtu mzima aliyelishwa na mwenzake kijiko kikubwa kabla hajameza cha kwanza halisahau somo. Tangu siku hiyo hukaa chini, macho yake sawa na macho ya anayelishwa, hujaza nusu kijiko na husubiri koo lisogee.

Mafundisho ya mikono yana mantiki yake, na muuguzi mzuri hafundishi hatua bila sababu yake. Chukua shati. Mzee aliyepigwa na kiharusi upande wa kushoto huvishwa kuanzia mkono wa kushoto, ule usio na nguvu, na huvuliwa kuanzia wa kulia. Mwanafunzi anayekariri bila kuelewa atachanganya siku ya mtihani. Anayeelewa kwamba mkono uliopooza haukunjiki, kwa hiyo unahitaji nguo ikiwa bado imelegea, hatachanganya. Jicho huoshwa bila sabuni, kutoka pembe ya puani kwenda nje, na jicho la pili kwa sehemu nyingine ya kitambaa ili uchafu wa hili usihamie kwa lile. Sehemu za siri za mwanamke huoshwa kutoka mbele kwenda nyuma, maana bakteria wa haja kubwa wakifika kwenye njia ya mkojo huanzisha ugonjwa. Mfuko wa mpira wa mkojo huning’inizwa chini ya usawa wa kibofu usije mkojo ukarudi ulikotoka, lakini usiguse sakafu. Meno ya bandia husuguliwa juu ya sinki lililotandikwa taulo au kutiwa maji, kwa kuwa huteleza na yakianguka hupasuka. Maji ya moto hayatumiki, kwani huyapinda.

Kumhamisha mtu kutoka kitandani kwenda kwenye kiti kunafundishwa kwa muda mrefu kuliko karibu kila kitu, kwa sababu ndipo watu wawili huumia kwa mpigo: mzee huvunjika nyonga, msaidizi huharibu mgongo. Kiti huwekwa upande wenye nguvu, breki zinafungwa, vibao vya miguu vinaondolewa, mzee anavishwa viatu visivyoteleza. Mkanda mpana wa kitambaa hufungwa kiunoni mwake juu ya nguo, na huo ndio unaoshikwa, si makwapa. Mzee huketi kwanza ukingoni mwa kitanda kwa muda, maana presha yake inaweza kushuka akisimama ghafla. Magoti ya msaidizi yamekunjwa, mgongo umenyooka. Hesabu ni moja, mbili, tatu, na mzee mwenyewe anaambiwa asukume.

Hapo kwenye “mzee mwenyewe” ndipo somo gumu lilipo, hasa kwa mwanafunzi aliyelelewa pwani ya Kenya au Bukoba. Aliyekua akiamkia shikamoo amefunzwa kwamba heshima kwa mzee ni kumfanyia: kumbebea mkoba, kumnawisha, kumfunga vifungo kabla hajaomba. Kitabu cha CNA kinasema kinyume. Bibi anayeweza kufunga vifungo vitatu kati ya sita aachwe afunge vitatu, hata vikichukua dakika kumi, kwa sababu vidole visivyotumika vitapoteza hata hivyo vitatu. Kuna na suala la jina. Nyumbani, kumwita mzee usiyemjua “bibi” au “babu” ni adabu. Katika makao ya Marekani, kumwita mkazi kwa jina la undugu usiokuwapo, au kwa majina ya kubembelezea watoto, huhesabiwa kuwa ni kumshusha. Huulizwa anataka kuitwa nani, na huitwa hivyo. Wauguzi wanaofundisha madarasa yenye wahamiaji wengi hulazimika kueleza jambo hili polepole, maana mwanafunzi huona anazuiwa kuwa na adabu. Ukweli ni kwamba anazidishiwa adabu ya namna ya pili, bila kunyang’anywa ya kwanza. Na subira aliyokuja nayo kutoka nyumbani, ya kukaa na mzee anayerudia hadithi ileile mara nne, hakuna mwalimu wa Marekani anayeweza kuifundisha kwa saa 75.

Wodini mwanafunzi hufuata kanuni moja isiyopindwa: hafanyi kazi ambayo hajafundishwa na ambayo mwalimu hajathibitisha kwamba anaiweza. Kila ujuzi una mstari wake kwenye karatasi, na muuguzi hutia saini akishauona unafanywa sawasawa. Saini hiyo si urasimu mtupu. Muuguzi anapomkabidhi msaidizi kazi, uwajibikaji wa kuchagua kazi hiyo na kuifuatilia unabaki mikononi mwake. Wauguzi wa Marekani hufundishwa kujiuliza maswali matano kabla ya kukabidhi: je, hii ni kazi inayoweza kukabidhiwa, mgonjwa yuko katika hali inayoruhusu, huyu ndiye mtu wa kuifanya, maelekezo yameeleweka, na nani atamsimamia? Kumlisha mzee mwenye afya ya kawaida ni kazi ya msaidizi. Mzee huyohuyo akianza kukohoa kila anapomeza, ni juu ya muuguzi kusimamisha kijiko na kuchunguza koo lile kwanza.

Lakini muuguzi atajuaje kwamba mzee amekohoa? Ndani ya makao mengi muuguzi mmoja hubeba jukumu la wakazi wengi, na saa zake nyingi huishia kwenye kigari cha dawa na kwenye kompyuta. Anaona kwa macho ya msaidizi. Kwa hiyo sehemu ya mafunzo iliyo na thamani kubwa kuliko zote, ingawa mtihani huigusa kidogo, ni kuona na kueleza. Muuguzi hukataa taarifa kama “leo ana huzuni” au “nadhani ana nimonia”. Anachotaka ni kile kilichoonekana na kuhesabiwa: amekula robo ya chakula cha mchana, amekunywa mililita 120 tangu asubuhi, anapumua mara 28 kwa dakika, amemwita binti yake kwa jina la dada yake, jambo ambalo jana hakulifanya. Mzee aliyechanganyikiwa ghafla huenda ana maambukizi mwilini, na mara nyingi homa huchelewa au haiji kabisa. Doa jekundu kisiginoni lisilofifia likibonyezwa kwa kidole ni mwanzo wa kidonda cha kulala. Katika ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri, kwa hiyo mwanafunzi hufundishwa kupapasa: sehemu yenye joto, iliyovimba au iliyo ngumu kuliko iliyo jirani ataitolea taarifa. Kidonda kilichogunduliwa hapo huzuiwa kwa kumgeuza mgonjwa kila baada ya saa mbili na kuinua kisigino kwa mto. Kikigunduliwa wiki mbili baadaye kinaweza kufika kwenye mfupa.

Kozi ikiisha unafuata mtihani, nao una sehemu mbili. Ya kwanza ni maswali ya kuchagua jibu, na asiyesoma vizuri ana haki ya kusomewa kwa sauti. Ya pili ni vitendo mbele ya muuguzi mtahini ambaye lazima awe na uzoefu wa kutunza wazee au wagonjwa wa muda mrefu. Katika mtihani unaotumiwa na majimbo mengi mtahiniwa hufanya vitendo vitano, na kunawa mikono hakukosekani kamwe. Watu huanguka hapo kuliko wanavyotarajia: hawajasugua kwa sekunde 20, au wamefunga bomba kwa mkono waliokwisha kuusafisha badala ya kutumia karatasi. Kipimo cha mapigo ya moyo lazima kikaribie cha mtahini, tofauti isizidi manne. Breki ya kiti ikisahaulika, kitendo kizima kimeanguka, hata kama vingine vyote vimefanyika kwa ustadi. Anayeshindwa ana nafasi ya kurudia, na sheria ya shirikisho inamhakikishia majaribio yasiyopungua matatu.

Jina la aliyefaulu huingizwa kwenye daftari la jimbo, ambalo mwajiri yeyote lazima alichungulie kabla ya kumpa kazi. Daftari hilo halisahau. Aliyethibitika kumpiga mkazi, kumtelekeza au kumwibia huandikwa humo, na mlango wa makao ya wazee hufungwa kwake. Anayekaa miezi 24 mfululizo bila kufanya kazi hii kwa malipo hulazimika kufunzwa au kupimwa upya. Anayeendelea anadaiwa saa zisizopungua 12 za mafunzo kazini kila mwaka. Kwa msomaji mwenye ndugu anayejiandaa kwenda huko, au aliyekwisha kufika, lipo jambo moja la kujua kabla ya kutoa fedha: aliyeajiriwa na makao ya wazee, au aliyekwisha ahidiwa kazi humo, hatakiwi kutozwa ada ya mafunzo wala ya mtihani. Aliyejilipia mwenyewe kisha akaajiriwa ndani ya miezi 12 ana haki ya kurudishiwa kwa kadiri ya muda atakaofanya kazi. Wengi hulipa mamia ya dola na hawadai kitu, kwa kuwa hakuna aliyewaambia.

Cheti hakimfanyi mtu mtunzaji. Wiki za kwanza wodini ndizo zinazoamua kama atabaki, na kazi hii ina sifa mbaya ya kupoteza watu mapema. Makao yaliyo makini humfunga mgeni kwa msaidizi mzoefu kwa zamu kadhaa, wakitembea pamoja chumba hadi chumba, na muuguzi wa zamu humwita mwisho wa siku amuulize alichokiona. Yasiyo makini humpa wakazi kumi na zaidi siku ya pili. Mgeni huyo hujifunza haraka kukata kona, na mafunzo yote ya vifungo vitatu huyeyuka, kwa sababu kumfunga bibi vifungo vyote sita huchukua nusu dakika.

Janga la korona lilionyesha mfumo huu ukiwa uchi. Machi 2020 serikali ya shirikisho ilisitisha sharti la saa 75 ili makao yapate watu, na chama cha wenye makao kikatoa kozi ya saa 8 kwa njia ya intaneti kwa wasaidizi wa muda. Watu waliosoma siku moja mbele ya kompyuta waliingia vyumba ambamo wazee walikuwa wakifa. Si haki kuwalaumu; walikwenda pale ambapo wengine walikimbia, na wengi walijifunza kazi kwa muuguzi aliyekuwa akivaa barakoa moja siku nzima. Mwaka 2022 serikali ilianza kuondoa ruhusa hiyo, na wasaidizi wale wakatakiwa kumaliza mafunzo kamili na kufanya mtihani.

Ubishi uliobaki ni wa kiwango chenyewe. Mwaka 2008 Taasisi ya Tiba, ileile iliyoandika ripoti ya 1986, ilipendekeza saa 75 zipandishwe zifike angalau 120, ikieleza kwamba wakazi wa makao wamekuwa wazee zaidi na wenye maradhi mengi kuliko waliokuwapo sheria ilipotungwa. Wenye makao husema kuongeza saa ni kuongeza gharama na kupunguza waombaji wa kazi. Hoja yao si ya uongo, lakini ni dhaifu. Msaidizi anayeondoka baada ya mwezi kwa kuwa hakuandaliwa naye ni gharama, na mkazi aliyevunjika nyonga ni gharama kubwa zaidi. Bunge halijabadilisha namba hiyo. Kwa sheria ya shirikisho, mtu anaweza kukabidhiwa mwili wa mzee aliyepooza baada ya saa 75 za mafunzo. Huko Texas, ambako msaidizi wa muuguzi husoma saa 100, anayetaka leseni ya kutengeneza kucha husoma saa 600.